Kakai Kilonzo si Kasuku peke yake

Ukitoka Ruiru kwenda Thika siku isiyo na mawingu, mlima unaouona upande wa kulia ni Kilimambogo. Ndiko Kakai Kilonzo alikotoa jina la bendi yake, Les Kilimambogo Brothers. Alizaliwa 1954, akajulikana kwa benga ya Kikamba.

Angebaki na Kikamba tu, sisi wa Pwani tusingemjua. Lakini aliimba Kiswahili pia, akavuka mipaka ya kabila lake. Kiswahili chake si cha Mvita wala cha Lamu, ila kinaeleweka, na mtu wa Kisauni hahitaji mkalimani.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaujua Kajituliza Kasuku, basi. Hata matatu za Thika nilizopanda hupiga huo huo. Anza na Mama Sofi. Kisha tafuta albamu ya Best of Kakai Vol. 1, iliyotolewa na Shava ya Ujerumani. Naam, Ujerumani, si River Road!

Na usikate wimbo katikati. Enzi hizo wimbo wa benga uligawanywa pande mbili za santuri, na upande wa pili ndipo waimbaji hupumzika, magitaa yakakimbizana. Redio nyingi huishia upande wa kwanza.

Kakai alifariki 1987, akiwa na miaka 33 hivi. Kama una mzee aliyefanya kazi Thika miaka ile, muulize kuhusu santuri zake kabla wajukuu hawajazitupa.