Gor Mahia: Jabilo wa Kanyamwa Ambaye Wabeti Bado Wanamsumbua Kaburini

Wewe ambaye hujafua hiyo boksa ya kijani tangu mkeka wako wa mwisho uingie, kaa hapa kidogo. Hii story ni yako.

Nakujua. Jumamosi asubuhi husalimii mtu kabla uweke beti. Unapea mtoto wa nasari simu afinye 1, X ama 2. Ukishaweka, hucheki skoo hadi dakika ya 90, juu ukicheki tu, beki anajifunga. Na kama wewe ni wa K'Ogalo, siwezi hata kukulaumu. Timu yako imebeba jina la mganga, msee.

Jina lake kamili ni Gor wuod Ogada, nyakwar Ogalo. Yaani Gor mtoto wa Ogada, mjukuu wa Ogalo. Hiyo K'Ogalo unayopiga nayo kelele Nyayo imetoka hapo. Alikuwa mtu wa Kanyamwa, Ndhiwa, kule ukifika Rodi Kopany unakata kuingia upande wa mashamba ya miwa. Mahia hakuzaliwa nayo. Watu ndio walimpachika, sababu ya maajabu yake.

Kazi yake ilikuwa jabilo. Usimchanganye na jajuok, yule wa kukimbia usiku uchi na kutupia watu mawe kwa mabati. Huyo watu walimwogopa na kumchukia. Jabilo alikuwa wa jamii nzima, kama waziri wa ulinzi hivi. Kabla vijana watoke na mikuki na ngao, yeye ndiye alisoma dalili. Alitengeneza bilo, dawa ya vita, ya kukinga wao na kulegeza adui. Halafu alisema kama leo ni siku ya kwenda ama ya kukaa.

Hapo kwa kukaa ndio nataka usimame kidogo. Sehemu kubwa ya kazi ya jabilo ilikuwa kukataza. Akisema mtoke na mkapigwa, waliokufa walikuwa watoto wa majirani zake, na yeye bado alilala hapo hapo kijijini. Hakuwa na mahali pa kutorokea.

Sasa zile story zenyewe. Wazee wanasimulia ukienda kumwona Gor, ungepata mzee amevaa matambara. Ukipepesa macho, mzee ameisha, kuna mwanamke. Ukirudi tena, kuna mtoto mdogo. Wazungu walipofika Nyanza Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1900, wanasema aliwachezea hivyo hivyo, sura baada ya sura, hadi wakachanganyikiwa. Amini usiamini, ni shauri yako. Mimi naona hata bila uchawi hiyo ni akili mingi. Mkoloni asiyejua wewe ni nani kati ya watu wote kwa boma, atakukamata vipi?

Kitu ya kuchekesha ni kwamba Mwingereza mwishowe alimfanya chifu wa Kanyamwa. Fikiria kulipa kodi kwa chifu ambaye hujui leo amekuja na sura gani. Alifariki karibu 1920, na sifa yake ikabaki ikitembea kuliko yeye alivyowahi kutembea.

Ruka hadi Februari 17, 1968. Luo Union na Luo Stars zinaungana, timu mpya inahitaji jina, na linalochaguliwa ni la mzee wa Kanyamwa. Mwaka huo huo wakachukua ligi. Mwaka wa 1976 wakaichukua bila kupoteza gemu hata moja. Mwaka wa 1980 serikali ya Moi ikasema majina ya kikabila yaishe, Abaluhya wakageuka AFC Leopards, na Gor wakaitwa Gulf Olympic Rangers. Soma herufi za kwanza. G, O, R. Hata jina lenyewe lilibadilisha sura kama mwenyewe, halafu likarudi.

1987 ndio ilimaliza wengi. Fainali ya Kombe la Washindi Afrika, 2-2 kule Tunis na Esperance, 1-1 Kasarani, kombe likabaki Nairobi kwa sababu ya magoli ya ugenini. Kuna wasee hadi leo watakuapia ni bilo. Mimi nasema Peter Dawo alikuwa na mguu hatari, lakini nani ataniskiza.

Na si sisi pekee. Bamako, 2002, nusu fainali ya Afrika, polisi walimkamata Thomas Nkono, kipa mkubwa wa zamani wa Cameroon, wakidai ameweka hirizi uwanjani. Hapa kwetu kuna timu zimekataa kuingia kwa lango kuu, zikapitia ukutani.

Lakini hao wako uwanjani, buda. Angalau wanakimbia. Wewe uko kibandani na chai ya rangi, unapulizia simu.

Mimi niliwahi kuweka karo kwa mkeka wa timu 11. Nilivaa jezi ile ile, nikakaa kiti kile kile, nikazima simu hadi saa nne usiku. Timu kumi ziliingia. Ya 11 ilitoka sare, na chuo sikurudi. Kitu ilinikosa si dawa. Ni mtu wa kuniambia leo kaa. Na kampuni ya beti haina jabilo, yenyewe hukutumia meseji asubuhi mapema kukuambia utoke vitani kila siku.

Siku ukipita Ndhiwa, tafuta wazee wa Kanyamwa, story bado wanazo mingi. Usiwaulize mkeka. Waulize kuhusu vita ambavyo Gor alikataza. Na boksa uifue kabla upande matatu.