Harley Earl, fundi aliyevalisha motokari

Jumapili asubuhi mu cité, mbele ya saa ya misa, utaona mababa na ndoo ya maji na kitambaa, kila mutu anasugua motokari yake. Moteri inakohoa, matairi yamekwisha, lakini karoseri lazima ing'ae. Siku moja mama wa kwangu aliniuliza kwa nini ninamaliza saa mbili juu ya rangi tu. Nilikosa jibu. Leo niko na nusu ya jibu, nayo ni maisha ya mutu mumoja, Harley Earl.

Alizaliwa Los Angeles, kule Marekani, tarehe 22 mwezi wa 11 mwaka 1893. Baba yake alikuwa fundi wa magari ya kukokotwa na farasi. Motokari zilipoanza kuonekana mingi, mu 1908 baba akageuza atelier yake, akaanza kutengeneza karoseri. Mtoto akakulia kati ya mbao, ngozi na harufu ya rangi. Alitumwa chuo cha Stanford, hakumaliza, akarudi kwa baba.

Pale Hollywood sinema ilikuwa inaanza kuleta pesa, na waigizaji walitaka motokari isiyofanana na ya mutu mwingine. Earl akawachorea. Alitengenezea Roscoe Arbuckle, yule mcheshi mnene, na Tom Mix, mwigizaji wa sinema za farasi. Ya Tom Mix, wanasimulia, iliwekwa mpaka tandiko la farasi. Ilikuwa kazi ya moja moja, kwa mwenye mali.

Na mutu wa kazi, yeye alipata nini? Rangi nyeusi. Toka 1914 mpaka 1925 Ford aliuza ile motokari yake T nyeusi paka nyeusi. Motokari za rangi zingine zilipakwa kwa burashi, safu juu ya safu, na kila safu ingoje kukauka. Karoseri moja iliweza kulala mu usine wiki nzima na zaidi. Halafu kompani ya DuPont ikaleta rangi mupya iliyoitwa Duco. Mu 1923 General Motors waliiweka juu ya Oakland ya rangi ya bluu. Ilipulizwa na pistole, ikakauka kwa saa badala ya wiki. Hapo mlango wa rangi zote ukafunguka, hata kwa motokari ya bei ndogo.

Lakini Duco ilikuwa na jambo moja ambalo kila fundi wa rangi wa Likasi ao Kolwezi atalielewa. Ikikauka peke yake, inafifia. Kung'aa kwake kulitoka mu mikono: mutu alisugua na karatasi laini na maji, kisha na dawa ya kusugulia, mpaka uso ukawa kama kioo. Na yule wa pistole alivuta muvuke wa dawa zile siku nzima. Sisi wa sendika tunapoona karoseri inang'aa, tuangalie na pua ya aliyeipaka. Mafundi wetu wengine wanafunga kitambaa tu puani. Kitambaa hakizuii ule muvuke.

Earl alikuwa amekwisha kujulikana. Don Lee, muuzaji wa Cadillac kule California, alinunua atelier ya baba mu 1919 akamwacha kijana aongoze kazi. Kisha mukubwa wa Cadillac, Lawrence Fisher, akamwona akitengeneza mifano kwa udongo wa mfinyanzi. Wengine walipiga bati juu ya mbao. Earl aliongeza udongo hapa, akakwangua pale, mpaka mlango, bawa na boneti vikaungana sawa mwili mumoja. Fisher akamwita Detroit atengeneze LaSalle, iliyotoka mu 1927. Ikapendwa. Mwaka ule ule Alfred Sloan, mukubwa wa General Motors, akamufungulia idara nzima ya sura na rangi. Mbele ya hapo wainjinia ndio walikuwa wanaamua kila kitu, na hawakumufurahia huyu mutu murefu wa California, mwenye suti za rangi kali na matusi mingi.

Alipenda motokari ndefu na ya chini. Alipenda pia kromu. Hapa mutu wa mine asikilize: ile kromu ya parashoki ni ngozi nyembamba sana. Katika kazi nzuri ya wakati ule, chini yake kulikuwa nikeli, na chini ya nikeli, shaba. Ile inayotoka mu mashimo yetu ndiyo ilishika mng'ao wote, na hakuna aliyeiona.

Sloan na Earl walifanya jambo lingine, na hapa mimi siwezi kumusifu tu. Kila mwaka sura ya motokari ilibadilishwa, ili mwenye ile ya mwaka jana aione imezeeka hata kama inatembea vizuri. General Motors walikuwa na nyumba yao ya kukopesha pesa toka 1919. Mutu wa usine akanunua kwa deni kitu ambacho yeye mwenyewe alisaidia kutengeneza, na mbele ya kumaliza deni, mupya ikatoka. Sisi wenye kuandikishwa deni mu duka mbele ya mushahara kufika, tunajua hiyo habari.

Wafanyakazi hawakunyamaza. Tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 1936, wale wa Fisher Body mu muji wa Flint, waliotengeneza karoseri, walikaa chini ndani ya usine wakakataa kutoka. Walikaa siku 44, mu baridi. Tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka 1937 General Motors ikakubali sendika yao. Earl alikuwa upande wa wakubwa, na mu 1940 akafanywa makamu wa prezida wa kompani.

Mu 1938 alitengeneza Buick moja tu, nyeusi, iliyoitwa Y-Job, yenye taa za kujificha. Ilikuwa ya kuonyesha mambo ya kesho, lakini akaitembeza mwenyewe kwa miaka mingi. Kisha mu 1948 Cadillac zikaota mapezi nyuma, wazo lililotoka kwa ndege ya vita P-38. Mwaka kwa mwaka mapezi yakakua, mpaka mimi ninaona ikawa mchezo. Earl alitoka kazini mu 1958, akafa Florida tarehe 10 mwezi wa 4 mwaka 1969.

Rangi ya leo ina verni ngumu juu yake kuliko Duco, lakini mutu anaweza kuiharibu hata kwa upendo. Ndugu, vumbi letu jekundu ni mchanga: mwaga maji kwanza, ndipo usugue. Osha kivulini. Sabuni ya unga ya nguo inatoa nta, uiache kwa nguo. Mavi ya ndege na tone la asidi ya batri, osha palepale. Ukimaliza, paka nta. Nta nzuri ya magari inatoka kwa majani ya mti mumoja wa Brazili, karnauba, unaofanana na mungazi wetu.

Ile Y-Job, General Motors wangali wanaitunza kule Michigan, na weusi wake ungali unang'aa.