Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, ndugu wanachama watakuta hesabu za mazao, taarifa za vyama vya msingi na picha za mikutano. Lakini tumeona haifai kitabu cha wakulima kitoke katika nchi ya Rufiji na Kibiti pasipo kumtaja mtu wa nchi hii ambaye jina lake limefungamana na mashamba ya pamoja kuliko jina jingine lolote. Mtu huyo ni Kinjikitile Ngwale, aliyekaa Ngarambe, akanyongwa Mohoro mwaka 1905.

Ili kumfahamu yapasa kwanza kuifahamu dhiki ya wakati wake. Tangu mwaka 1898 serikali ya Wajerumani ilitoza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka, na asiyekuwa nazo alitolewa kwenda kufanya kazi. Mwaka 1902, chini ya Gavana von Götzen, yakaanzishwa mashamba ya pamba katika nchi za pwani na kusini. Yaliitwa mashamba ya pamoja, ila pamoja yake ilikuwa katika jembe tu. Watu walilazimishwa kulima chini ya maakida na majumbe, na aliyechelewa alipigwa viboko. Fedha za pamba ziligawanywa mafungu: moja kwa wafanya kazi, na mengine kwa jumbe na kwa serikali ya wilaya. Katika wilaya ya Dar es Salaam fungu la kila mtu kwa mwaka wa kwanza lilikuwa senti 35, na wako waliokataa kuzipokea. Na huku mwenye nyumba akipalilia pamba ya wengine, shamba lake la mpunga au la mtama liliachiwa nguruwe na nyani.

Katika hali hiyo ndipo mwaka 1904 habari za Kinjikitile zilipoanza kuenea. Inasimuliwa kwamba alipandwa na pepo aitwaye Hongo, akazama katika maji, jamaa zake wakamlilia kama maiti, na kesho yake akatoka mkavu. Watu wakamwendea Ngarambe kwa makundi, kutoka Umatumbi, Kichi, bonde la Rufiji na Ungindo. Aliwapa dawa ya maji iliyochanganywa na mtama, akawaambia kwamba itawakinga na risasi. Habari zake zilipelekwa kwa kunong'onezana, mtu kwa mtu, kijiji kwa kijiji.

Hapa ndipo tunapopenda wanachama watulie. Kabla yake, Mmatumbi alikuwa na mambo yake, Mngindo yake, na kila mmoja alipopambana na mtawala alipambana peke yake akashindwa peke yake. Kinjikitile aliwafundisha kwamba shida ni moja na kwa hiyo wajibu ni mmoja. Tena aliwataka wangoje, wasianze vita mpaka wote wawe tayari. Walakini subira ya Wamatumbi ilikuwa imekwisha. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete, waling'oa miche ya pamba katika shamba la serikali, na vita vikaanza. Kinjikitile alikamatwa, akapelekwa bomani Mohoro, na tarehe 4 Agosti 1905 akanyongwa. Wazee walisimulia kwamba hakuonyesha hofu, bali alisema dawa yake imekwisha kufika mbali, na kumwua yeye hakutaizuia.

Neno hilo lilikuwa kweli. Baada ya kifo chake vita vilifika kwa Wapogoro, Wambunga, Wangoni na Wabena. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu waliishambulia boma ya Mahenge, na huko ikaonekana wazi kwamba maji hayazuii risasi za bombomu. Serikali ilichoma vijiji, maghala na mashamba, na njaa ikaua wengi kuliko bunduki. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000; wanahistoria wa baadaye wamesema huenda vilifika 300,000. Mapigano yalikwisha mwaka 1907.

Hatuwezi kuficha kwamba wengi walikufa kwa kuitumainia dawa isiyofaa kitu. Lakini dawa ilishindwa, umoja haukushindwa. Von Götzen aliondoka mwaka 1906, na mashamba yale ya kulazimishwa yakaachwa. Mwaka 1956 Mwalimu Nyerere aliposimama mbele ya Umoja wa Mataifa kudai haki ya nchi yetu, aliwataja watu wa Maji Maji. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa mchezo wake, Kinjeketile, unaosomwa mashuleni.

Sisi tulio katika ushirika tunalo la kujifunza. Shamba la mwaka 1902 na chama cha leo vyote huitwa vya pamoja. Tofauti yake haimo katika jina. Imo katika mizani ambayo mkulima anaiona kwa macho yake, katika stakabadhi anayoipokea mkononi, katika mkutano mkuu ambamo ana haki ya kuuliza kila senti imekwenda wapi. Ofisa anayeficha hesabu anaturudisha kwa akida. Na mwanachama anayeuza korosho au ufuta wake kwa kangomba usiku, kisha akalalamika kwamba chama hakina nguvu, amemwacha mwenziwe peke yake, kama watu walivyoachana kabla ya Ngarambe.

Wale wa mwaka 1905 walitoa roho zao kwa ajili ya jambo la wote. Sisi twaombwa kidogo sana: kuhudhuria mikutano, kulipa hisa, kuleta mazao safi ghalani, na kusema kweli katika hesabu. Toka Bungu mpaka Mbwera, na toka Nyamisati mpaka Mohoro aliponyongewa Kinjikitile, deni hilo ni letu sote, na kila msimu wa mavuno hatuna budi kulilipa.