Pyotr Lebedev, Mtu Aliyepima Nguvu ya Nuru

Jua linapopenya katika tundu la paa, vumbi huonekana likielea ndani ya mwali wake. Mtu aweza kudhani kwamba nuru ndiyo inayolichukua. Kumbe ni hewa. Je, nuru yenyewe haina nguvu ya kusukuma? Aliyejibu swali hilo kwa kipimo ni Pyotr Lebedev.

Alizaliwa Moscow, katika nchi ya Urusi, mwaka 1866, mwana wa mfanyabiashara. Alisoma fizikia mjini Strasbourg, kisha akarudi kwao akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Moscow.

Tangu zamani, mwaka 1619, Kepler alikuwa amefundisha kwamba mkia wa nyota yenye mkia hulikimbia jua kwa sababu miali ya jua huusukuma. Mwaka 1873 Maxwell wa Uskoti akaonyesha kwa hesabu kwamba mawimbi ya nuru hukisukuma kila kitu yanachokipiga. Lakini nguvu hiyo ni ndogo mno: kioo cha meta moja kwa meta moja, kikiwekwa juani, hakisukumwi hata kwa uzito wa miligramu moja.

Lebedev alitundika vibati vyembamba kwa uzi ndani ya chupa ya kioo. Akaitoa hewa karibu yote, maana hewa ikipata moto huvisukuma vibati na kumdanganya mpimaji. Kisha akavimulika kwa taa kali. Uzi ukajisokota kidogo: nuru ilikuwa imesukuma! Tena kibati king'aacho, kinachorudisha nuru, kilisukumwa zaidi kuliko cheusi, kinachoimeza. Alitangaza habari hiyo Paris mwaka 1900.

Mwaka 1911 serikali iliingilia uhuru wa chuo kikuu, na walimu wengi wakaacha kazi. Lebedev alikuwa mgonjwa wa moyo, na chumba chake cha vipimo kilikuwa kazi ya miaka mingi. Hata hivyo alikiacha, akaondoka pamoja na wenzake. Akaanza upya katika chumba cha chini ya nyumba moja, na wanafunzi wake wakamfuata. Mwaka uliofuata akafa, mwenye miaka 46.

Kazi yake haikufa. Tangu mwaka 1970 Arthur Ashkin, huko Marekani, alisukuma punje ndogo sana kwa nuru, na baadaye akashika hata vijidudu vilivyo hai pasipo kuvigusa. Basi, lisiloonekana kwa macho lisidharauliwe upesi. Huenda linamngoja mwenye saburi.