Michael Latham: Daktari mzaliwa wa Kilosa aliyetaka serikali iangalie sahani yako

Chukua pakiti ya chumvi kwenye duka lolote la Ifakara, igeuze, soma. Utakuta imeandikwa kwamba ina madini joto. Wengi wetu hata hatuangalii, tunatupa pakiti tunapika mboga.

Maneno yale machache yalichukua karibu miaka 30 kufika pale. Na mmoja wa watu waliopima tatizo hilo mapema kabisa nchini ni daktari mzungu aliyezaliwa hapa hapa mkoani kwetu Morogoro. Ukitoka Ifakara unapita Kidatu, Mikumi, halafu unaingia Kilosa. Huko ndiko Michael Latham alikozaliwa, mwaka 1928.

Baba yake alikuwa daktari wa serikali ya kikoloni ya Waingereza. Mama yake, Gwynneth, aliishi maisha ya kuhamahama ya familia za maofisa wa wakati ule, na miaka mingi baadaye, 1995, mama na mwana walitokea pamoja kama waandishi kwenye kitabu kuhusu familia yao, Kilimanjaro Tales.

Latham alisomea udaktari Trinity College, Dublin, akamaliza 1952. Angeweza kubaki Ulaya, lakini katikati ya miaka ya 1950 akarudi Tanganyika kufanya kazi hospitali za serikali.

Sasa hapa ndipo mambo yanapoanza. Daktari wa enzi hizo alikuwa anapokea mtoto mwenye unyafuzi: miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu, uso umekata tamaa. Mtoto ameachishwa ziwa kwa sababu mama ana mimba nyingine, na nyumbani anakula uji mtupu au ugali mtupu. Anapewa maziwa wodini, anapona, anarudi nyumbani kwenye uji ule ule. Dawa haikuwa shida, shida ilikuwa sufuria. Latham akaanza kuwekeza akili yake huko.

Baada ya uhuru akawa mkuu wa kitengo cha lishe cha Wizara ya Afya, wakati ambapo nchi nzima ilikuwa na madaktari wachache mno na neno lishe lenyewe halikuwa na ofisi kubwa. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania tunayoijua leo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Latham alikuwa ameshaondoka.

Moja ya kazi zake za kipindi hicho ni uchunguzi wa rovu huko Ukinga, kwenye milima ambayo leo ni wilaya ya Makete. Matokeo yalichapishwa 1965. Rovu ni ule uvimbe wa shingo, na chanzo chake kikubwa ni ukosefu wa madini joto. Kwenye milima yenye mvua nyingi, maji yameosha madini hayo kwenye udongo kwa karne nyingi. Kinachoota pale hakina. Mtu anakula anashiba, shamba lake zuri kabisa, na bado mwili unakosa. Mbaya zaidi ni kwa mama mjamzito, maana mtoto anaweza kuzaliwa akiwa na ulemavu wa akili.

Hebu fikiria: huwezi kumwambia mkulima wa mlimani abadilishe udongo. Ila chumvi kila mtu anainunua. Ukiweka madini joto kwenye chumvi kiwandani, ukaifanya kuwa sheria, umemaliza kazi bila kumhubiria mtu yeyote. Tanzania ililazimisha jambo hilo katikati ya miaka ya 1990. Siwezi kusema ni Latham peke yake aliyeleta sheria, hapana, kulikuwa na wataalamu wengi wa Kitanzania waliosukuma. Lakini kabla ya sheria lazima mtu apande mlima akashike shingo za watu na kuhesabu, na yeye alikuwa mmoja wa waliofanya hivyo.

Kitabu kinachoihusu mashine yako ya kukoboa

Mwaka 1964 alienda Marekani, akasoma na kufundisha Harvard, na kuanzia 1968 akahamia Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, ambako aliongoza programu ya lishe ya kimataifa kwa miaka mingi.

1965 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, likatoa kitabu chake kuhusu lishe ya binadamu katika Afrika ya kitropiki. Kiliandikwa kwa ajili ya watu wa kazi: wauguzi, walimu, mabwana shamba. Toleo la pili likaja 1979, na 1997 akatoa kingine kikubwa zaidi kuhusu nchi zinazoendelea.

Mtu wa bonde la Kilombero atapenda habari za mchele humo. Mpunga ukikobolewa sana ukawa mweupe unang'aa, ile pumba laini inayoondoka inaondoka na sehemu kubwa ya vitamini B1. Ukiosha mara tatu na kumwaga maji, unapunguza tena. Watu wanaokula karibu wali mtupu wa namna hiyo wanaweza kupata beriberi, ugonjwa wa neva na moyo uliosumbua sana Asia. Mchele wa kutwanga kwa kinu na mchi unabakiza sehemu ya ile pumba. Njia nyingine ni kuchemsha mpunga na maganda yake kabla ya kukoboa, ili vitamini ziingie ndani ya punje. Ila mwambie mtu wa Ifakara achemshe mpunga wake aharibu ile harufu, uone kama mtaelewana.

Kwa hiyo hapa kwetu ushauri wa kuchemsha una kazi. Mchele mweupe ndio wenye bei, na mteja wa Dar es Salaam anataka uliong'aa. Cha kufanya ni kile kinachouzunguka wali: maharage, samaki wa mtoni, matembele. Mwenye uwezo wa kuvinunua hana shida. Asiye na uwezo anakula wali na chumvi, na kwa macho sahani yake imejaa.

Latham hakukaa Marekani akasahau huku. Akiwa na mkewe, Lani Stephenson, mtafiti mwenzake, alifanya kazi Kenya kwa miaka mingi. Huko Machakos walipima watoto wadogo wenye minyoo, wakaona kwamba waliopewa dawa ya minyoo waliongezeka uzito vizuri kuliko kabla. Yaani chakula kinaingia tumboni na kuna mwingine anakula kabla ya mtoto. Walipima pia vibarua wa kujenga barabara, hali yao ya lishe na kiasi cha kazi wanachofanya kwa siku. Vidonge vya minyoo ambavyo watoto wetu wanapewa shuleni vinatokana na tafiti za namna hii, zao na za wengine wengi.

Vita ya maziwa ya kopo

Kuanzia miaka ya 1970 makelele yalikuwa makubwa kuhusu makampuni yaliyokuwa yanatangaza maziwa ya kopo kwa akina mama wa nchi maskini. Maji si salama, kuni ni chache, kopo ni ghali, basi mama anazimua ili lidumu wiki mbili. Mtoto anaharisha, anakonda. Latham alisimama upande wa maziwa ya mama bila kupepesa macho, na baadaye akawa miongoni mwa viongozi wa muungano wa kimataifa wa kutetea unyonyeshaji, WABA.

Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni ya uuzaji wa maziwa hayo kwa kura 118. Nchi moja tu ilipinga, Marekani, alikokuwa anafundisha. Kanuni inakataza kutangaza kwa umma, kugawa sampuli za bure kwa akina mama, na kuweka picha za watoto wanono kwenye lebo. Tanzania ilitunga kanuni zake 1994. Ndiyo maana ukishika kopo dukani leo unakuta onyo kwamba maziwa ya mama ndiyo bora.

Ugomvi wake wa mwisho ulikuwa na watu wa fani yake mwenyewe. Mei 2010, akiwa na miaka 82, aliandika makala kali kupinga kampeni ya kugawa dozi kubwa za vitamini A kwa watoto kila miezi sita, yale matone tunayoyajua kliniki. Hoja yake: ushahidi kwamba yanaokoa maisha kila mahali ni dhaifu, na pesa zinavutwa kutoka kwenye unyonyeshaji, mboga za majani, mapapai na kuongeza virutubishi kwenye vyakula.

Wengi walimkasirikia. Uchambuzi wa tafiti uliotoka 2011 ulionesha matone yanapunguza vifo vya watoto kwa asilimia 24, na Shirika la Afya Duniani likasisitiza yaendelee. Halafu 2013 utafiti mkubwa wa India uliohusisha watoto milioni 1 ukapata punguzo dogo sana. Mjadala haujaisha. Kwa mama wa Mlimba ushauri wa wizara ni ule ule, mpeleke mtoto apate matone. Ila swali la Latham nadhani lilikuwa halali: matone ni mara mbili kwa mwaka, mtoto anakula kila siku.

Alifariki Aprili 2011.

Mwaka huo huo Tanzania ilitoa kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Usimamizi wa usalama wa chakula wakati huo ulikuwa TFDA, na tangu 2019 uko TBS. Mchele haukuwamo kwenye orodha ile ya 2011, na ule unaotoka mashineni Ifakara unaingia sokoni ndani ya magunia yasiyo na lebo yoyote.