Paul Bomani na Mizani ya Pamba



Katika Sura ya 83, Al-Mutaffifin, Mwenyezi Mungu amewaonya wapunjao vipimo. Ijumaa hii tunamzungumzia mtu asiyekuwa Muislamu, mtoto wa mhubiri wa Kisabato, ambaye kazi yake iliigusa sura hiyo kuliko ya wengi wetu tunaoisoma.

Paul Bomani alizaliwa Ikizu, Musoma, mwaka 1925. Alikuwa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, na mwaka 1947 akawa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Zama hizo mkulima wa Usukuma alipopeleka pamba sokoni, mnunuzi ndiye mwenye mizani, ndiye asomaye uzito, na ndiye ashikaye fedha. Asiyejua namba alipokea alichopewa. Bomani na wenzake wakazunguka vijijini, wakaweka watu wao wenyewe wakague uzito. Kutokana na kazi hiyo, ndogo kwa macho, vyama vya wakulima vikaenea, na mwaka 1955 vikaungana kuwa VFCU, muungano uliokuja kuwa mmoja wa mikubwa kabisa barani Afrika.

Ndugu msomaji, mizani ikishanyooka, uhuru wa nini tena? Ni kwamba bei ya pamba ilipangwa na bodi ya serikali. Serikali hiyo hiyo ilimwamuru mkulima apunguze ng'ombe wake na alime kwa matuta, ikamwadhibu alipokaidi, ilhali hakumchagua yeyote katika waliotunga amri hizo. (Kisheria Tanganyika haikuwa koloni, bali nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Shambani tofauti hiyo haikuonekana.)

TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954, serikali ilikataa kuisajili Usukuma, na katazo hilo likadumu hadi 1958. Chama kikiwa kimefungiwa, ushirika ulibaki mahali ambapo wakulima waliweza kukutana kihalali. Bomani mwenyewe alikuwa mjumbe wa kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Huenda mtu akaona huko ni kumtumikia mtawala. Sisi hatuoni hivyo, kwani aliyekaa ndani aliweza kuulinda ushirika usifuate njia ya TANU.

Mwaka 1960 akawa Waziri wa Kilimo katika serikali ya Nyerere, na baada ya uhuru wa Desemba 9, 1961 akashika Wizara ya Fedha. Mwaka 1976 serikali hiyo huru ikavifuta vyama vikuu vya ushirika nchini. Bomani wakati huo alikuwa balozi, Washington. Alifariki mwaka 2005.