Jean Piaget: Msomi aliyejifunza haki kwa kucheza gololi

Jean Piaget alizaliwa tarehe 9 Agosti, 1896 katika mji wa Neuchâtel, nchini Uswisi. Baba yake, Arthur Piaget, alikuwa profesa wa fasihi ya zama za kati. Mama yake, Rebecca Jackson, alikuwa mwanamke mwerevu lakini asiyetulia kimawazo, na mwanaye alikuja kuandika kwamba hali hiyo ya nyumbani ndiyo iliyomfanya aache michezo mapema na kukimbilia kazi nzito, kama baba yake.

Na kweli aliikimbilia. Mwaka 1907, akiwa bado mtoto wa shule, alichapisha maelezo mafupi juu ya shomoro mwenye weupe usio wa kawaida aliyemwona bustanini. Baadaye akawa msaidizi wa mkuu wa makumbusho ya viumbe ya mji huo, akipanga magamba ya konokono. Shahada yake ya udaktari aliyoipata mwaka 1918 ilihusu konokono, si watoto.

Watoto alikutana nao Paris, alikokwenda mwaka 1919. Huko alipewa kazi ya kuwapima wanafunzi kwa maswali ya akili yaliyotungwa Uingereza. Kazi yenyewe ilimchosha. Ila aligundua jambo moja: majibu yaliyokosewa hayakukosewa ovyo ovyo. Watoto wa umri mmoja walikosea kwa namna moja, kana kwamba wana hoja yao wenyewe. Akaacha kuhesabu alama, akaanza kuwauliza walifikaje kwenye jibu lile. Mwaka 1921 Edouard Claparède alimwita kwenye Taasisi ya Rousseau mjini Geneva, na mwaka 1923 akamwoa Valentine Châtenay. Walipata watoto watatu, Jacqueline, Lucienne na Laurent, na wote watatu waliishia vitabuni mwa baba yao.

Ndugu msomaji, vitabu vya Piaget ni vingi, na vingine vinachosha. Hapa nitakaa kwenye kimoja tu, alichokitoa mwaka 1932, kuhusu jinsi mtoto anavyotofautisha jema na baya. Kitabu hicho kinaanzia kwenye mchezo wa gololi.

Piaget na wasaidizi wake waliwafuata wavulana kama 20 wa Neuchâtel na Geneva, wa umri wa miaka 4 hadi 13 hivi. Aliwapa gololi na kuwaambia kwamba aliucheza mchezo huo utotoni lakini amesahau, hivyo wamfundishe upya. Kisha alicheza nao, na mara nyingine alikosea makusudi ili wamsahihishe. Kwa nini gololi? Kwa sababu sheria zake hazifundishwi na mwalimu wala mzazi. Watoto wakubwa huwapa wadogo, na wadogo wakikua nao huzipitisha.

Alichokiona kilimshangaza. Wadogo wa miaka mitano au sita walisema sheria hazibadiliki kamwe. Zimetoka kwa baba, au kwa wazee wa mji, au kwa Mungu. Lakini uwanjani watoto hao hao kila mmoja alicheza lake, na mwisho wote wakajiona washindi. Wakubwa wa miaka 11 au 12 walisema kinyume: sheria ni mapatano ya wachezaji, wote wakikubali zinabadilika, na Geneva wanaweza kucheza tofauti na Neuchâtel bila kosa lolote. Na hawa ndio waliozishika sheria barabara, hadi vipengele vidogo vidogo. Yaani aliyeiona sheria kuwa takatifu hakuifuata, na aliyejua kuwa imetungwa na watu kama yeye ndiye aliyeilinda.

Kwetu sisi tuliorudi hili si geni. Mtoto aliyelelewa Kigoma ana sheria zake za gololi, aliyelelewa Uvira ana zake, na wiki za kwanza uwanjani kila mmoja anamwita mwenzake mwizi. Baadaye unawakuta wameinama wakipatana, na hakuna mwalimu aliyeitwa.

Kisha Piaget akawapa visa. Mvulana mmoja anaitwa mezani, anasukuma mlango asijue nyuma yake kuna vikombe 15, vyote vinavunjika. Mwingine anapanda kabatini kuiba jamu wakati mama hayupo, anavunja kikombe kimoja. Nani mkosaji zaidi? Wengi wa wadogo walisema wa kwanza, kwa kuwa vikombe 15 ni vingi. Wakubwa walitazama nia. Vivyo hivyo kwenye uongo: kwa wadogo, kusema umeona mbwa mkubwa kama ng'ombe ni kosa kubwa kuliko kumdanganya mama kwamba umepata alama nzuri, maana mbwa wa namna hiyo hayupo kabisa!

Hitimisho la Piaget ni kwamba kuna heshima za aina mbili. Moja inapanda kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, nayo huzaa utii. Nyingine ni ya wenzi wanaopatana, nayo huzaa hisia ya haki. Mzazi au mwalimu anayeamuru tu humchelewesha mtoto katika ile ya kwanza. Hapo alipingana wazi na Emile Durkheim, aliyeiona nidhamu ya mwalimu kuwa chanzo cha maadili. Piaget aliwashauri wazazi wajishushe kwa mtoto, wamwonyeshe wajibu wao na upungufu wao wenyewe. Najua wapo walimu wenzangu watakaokunja uso, hasa walioshika fimbo miaka mingi. Lakini mfanyabiashara wa mpakani anaijua tofauti hiyo bila kitabu: sheria ya forodha wengi huishika ofisa akiwapo, ila deni la mwenzako wa ng'ambo, lisilo na hati wala shahidi, linalipwa.

Si yote aliyosema yamesimama. Wavulana 20 ni wachache, tena wa nchi moja. Wasichana aliwagusia kidogo tu, na Carol Gilligan wa Marekani alimkosoa kwa hilo mwaka 1982. Kisa cha vikombe nacho kina kasoro, kwa sababu kinabadilisha nia na hasara kwa pamoja. Watafiti waliovitenganisha waliona hata wadogo huijali nia. Elliot Turiel naye alionyesha kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne tayari anajua kumpiga mwenzake ni kubaya hata kama mwalimu ameruhusu. Mimi naona hayo hayamwangushi Piaget. Yanaonyesha tu kwamba mtoto ana akili ya haki mapema kuliko alivyodhani.

Baada ya kitabu hicho aligeukia zaidi hesabu, wakati na vipimo katika mawazo ya mtoto, huku akiongoza Ofisi ya Kimataifa ya Elimu mjini Geneva kwa karibu miaka 40 tangu mwaka 1929. Kazi ya gololi aliwaachia wengine, akiwamo Lawrence Kohlberg wa Marekani, aliyeiendeleza kuanzia miaka ya 1950. Piaget alifariki Geneva tarehe 16 Septemba, 1980 akiwa na miaka 84, na akazikwa katika makaburi ya Plainpalais mjini humo.